Mama Mbona na Mashine Tatu

Asubuhi ya mwisho waliyoipata kama asubuhi zote ilikuwa Jumatano. Haikujitangaza. Birika lilichemka, mkate ukakatwa, redio ya jirani ikasoma habari kupitia ukutani. Mama Mbona akavuta kikombe chake, akafungua kopo la sukari, akaanza kuhesabu kwa sauti huku kijiko kikienda na kurudi.

"Sufuri. Moja."

Mumewe, seremala, akamtazama kwa juu ya kikombe.

"Hivyo ni vijiko viwili."

"Ni kimoja. Hukunisikia nikiishia moja?"

"Nimeona viwili."

"Daktari alisema kimoja, nami nimeishia kwenye moja. Ukiwa na malalamiko, mpelekee daktari."

Utani huo ulikuwa na miaka mingi mezani pale. Ila siku hiyo seremala aliongeza swali ambalo, ajabu, hakuwahi kuliuliza.

"Hivi ninyi watu wa mashine, kwa nini hasa mnaanza na sufuri?"

Mkewe akamjibu. Jibu halikuwa refu. Lakini muulizaji mwenyewe alikuwa amekwisha kusimama, anapapasa mifuko, anatafuta penseli. Likaingia huku likatokea kule.

"Iko juu ya sikio," mkewe akasema.

Kweli ilikuwa juu ya sikio.

Akavaa sweta lake la kijivu, na jua limeshaanza kuchoma. Akatia mkobani tochi, karatasi za kubandika, kitambaa cha vumbi. "Leo namalizia ya tatu," akasema.

"Ile jeuri?"

"Ileile. Leo ama zangu ama zake."

Akatoka. Kabla ya adhuhuri alianguka kazini, akielekea kunywa maji. Akalazwa siku tisa, hakusema tena. Ya kumi wakamzika.

Binti yao alikaa na baba yake wiki moja, akarudisha kila kitu cha mkoba ulioletwa kutoka kazini kwenye droo yake, kisha akarudi kwake mbali, akawa anapiga simu kila jioni kuuliza kama amekula. Alikula. Kilichomsumbua hakikuwa tumbo. Lilikuwa lile jibu. Aliuliza swali, akajibiwa, akalipoteza, na wa kumuuliza tena hayupo.

Jina kamili la mkewe liko kwenye vyeti. Watu walimwita Mama Mbona, na jina hilo alilipata kihalali.

Aliingia ofisi ya kuandikisha vizazi akiwa msichana, kazi yake kupiga taipu. Mtu amejifungua, karatasi inakuja kutoka wodini, yeye anapiga: jina la mtoto, siku, uzito, mama, baba. Vidole vyake viliwapitia watoto maelfu. Siku nyingine alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Leo nimezaa thelathini na wawili." Mumewe akamjibu, "Pole kwa uchungu." Yeye mwenyewe seremala hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mkewe hakumwacha asahau. "Wewe kiofisi bado hujafika," alimwambia. "Tunakusubiri."

Kisha kompyuta zikaja. Zilikuja na fundi wake, mwanamume wa suruali yenye pasi kali, aliyewaambia wafanyakazi wote wasiguse kitu. Wote wakaitikia. Mpiga taipu mmoja akanyoosha mkono.

"Mbona ina feni? Inafanya kazi gani nzito mpaka ipate joto?"

Fundi akaeleza.

"Na mbona tukiizima jioni, asubuhi haijasahau? Inakumbukia wapi?"

Fundi akaona njia fupi ya kumnyamazisha ni kufungua mashine na kumwonyesha. Akatoa diski, bapa, nzito, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. "Humu," akasema. Hapo ndipo alipoharibu. Kwanza mama alikuwa na maswali mawili, sasa akawa nayo ishirini.

Alimfuata fundi yule miezi na miezi, akimshikia tochi. Akajiandikisha masomo ya jioni. Cheti chake alikipata akiwa na miaka arobaini na mmoja, binti yao naye yuko darasa la mtihani. Wakasoma meza moja, mmoja huku mwingine kule, seremala akiwapikia. Mwishowe ofisi ikampa ufunguo wa chumba cha mashine. Kwa miaka kumi na tisa ufunguo huo haukukaa shingo ya mtu mwingine.

Seremala shule hakuisoma. Shuleni aliingia mara nyingi, lakini kutengeneza madawati. Tarakimu alizijua kwa futi yake ya chuma. Herufi aliwaachia wenyewe. Lakini udadisi huambukiza, hasa watu wakilala kitanda kimoja. Ikawa jioni, chai mezani, yeye ndiye anayeuliza mbona.

"Hiyo kontrola unayoisema kila siku ni kitu gani?"

Mama Mbona hakupenda kueleza hewani. Alitafuta kitu cha nyumbani cha kushika. Akamwelekeza kwenye kabati ambalo seremala mwenyewe alimtengenezea, droo sita, moja juu ya mwenzake.

"Chukulia kila droo ni diski. Sasa una barua yako ya maana. Ukiitia yote droo moja, droo ikioza, barua imekwenda. Kontrola ni mtunza kabati. Anaikata barua vipande, anavitawanya droo zote, na humo humo anatia kipande cha hesabu. Droo moja ikioza, anazitazama zilizobaki, anapiga hesabu yake, anaiandika upya iliyopotea."

"Zikioza mbili?"

"Zikioza mbili, tunalia."

"Na mtunza kabati anakaa wapi?"

"Ndani ya mashine. Kadi bapa, haina mdomo. Hiyo ndiyo shida. Droo inaweza kuumwa mwezi mzima, yeye anajua, hana pa kusemea."

Kazi yake ya mwisho ilianzia hapo. Ilikuwepo programu ya kumpa mtunza kabati mdomo. Ukiisakinisha, unamuuliza: droo zote nzima? Naye anakujibu kwenye kioo. Ofisi ilikuwa na mashine tatu kubwa, hizo wanazoziita seva, na kontrola zake zilikuwa za aina moja. Mama Mbona akadhani ni kazi ya siku moja. Ikamla wiki tano.

"Ni kama nyumba tatu za ukoo mmoja," alimweleza mumewe. "Mgeni ni yuleyule, lakini kila nyumba ina adabu yake ya kupokea mgeni."

Ya kwanza ilikuwa ya Windows. Hiyo ina mapokezi. Unabisha, inakuuliza wewe ni mkubwa wa nyumba au mpita njia. Ukithibitisha ni mkubwa, inakukaribisha: endelea, endelea, kubali, maliza. Ilimchukua asubuhi moja, na nusu ya asubuhi hiyo alikuwa akisoma maandishi madogo.

"Mbona unayasoma hayo?" seremala alimuuliza. "Si ulisema watu wote huyaruka?"

"Ndiyo maana nayasoma."

Na humo alikuta swali. Je, mashine hii isimamie kadi yake tu, au iweze pia kuongea na kadi za wenzake kutoka mbali? Akachagua vyote viwili. Jambo hilo lishikwe, litakuja kutumika.

Ya pili ilikuwa ya Linux. Hiyo haina mapokezi. Kioo cheusi, kialama kimoja kinapepesa, kinasubiri uandike unachotaka. Ukikosea herufi moja inakurudisha mlangoni bila tusi wala pole. Programu iliingia, ikanyamaza. Siku nne Mama Mbona alitembea nyumbani akisema peke yake. Jioni moja mumewe alimkuta mbele ya jiko, mwiko mkononi, sufuria inaungua.

"Nini tena?"

"Imeingia. Imekaa. Haisemi."

"Umeiamsha?" seremala akauliza, kwa utani tu, kama mtu anavyouliza habari za mgeni aliyelala.

Mkewe akauweka mwiko. Akazima jiko. Kesho yake alirudi anacheka tangu getini. Kumbe kule, kuingiza ni jambo moja na kuamsha ni jingine. Na baada ya kuiamsha ilibidi pia amwambie mlinzi, maana mashine zina mlinzi wa milango, amruhusu mgeni kusemezana na walio nje.

"Nimewaambia wenzangu nimesaidiwa na mtaalamu kutoka nje," akasema. "Wakaniuliza wa kampuni gani. Nikasema kampuni ya mbao."

Ya tatu ndiyo ile jeuri. Yenyewe ilikuwa nyumba ya wageni: mashine moja imebeba tumboni mashine nyingine sita, kila moja ikidhani iko peke yake duniani. Ndani ya mojawapo ndimo vizazi vyote vilimotunzwa. Nyumba hii haitaki uweke kitu kipya wageni wakiwa vyumbani. Lazima uwatoe wote kwa utaratibu, uiambie iko kwenye matengenezo, uiweke programu yako, uizime na kuiwasha, kisha uwarudishe wageni mmoja mmoja. Kuwatoa wageni maana yake dirisha la huduma lifungwe na watu wasubiri. Bosi alimkatalia mara tatu. Mara ya nne akampa Jumatano, saa mbili hadi saa tano asubuhi.

Jumatano ileile.

Wiki tatu baada ya mazishi simu ikalia. Alikuwa bosi wa ofisi, mama mmoja ambaye seremala alimjua kwa sauti tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Pole tena kwa msiba. Nakusumbua. Ile mashine ya tatu imeanza kusuasua. Tangu juzi dirisha limefungwa. Tumeletewa fundi mgeni, anasema mtu wa mwisho kuigusa ni marehemu. Kuna programu aliiweka siku ile..." Akashusha sauti. "Watu wanasema huenda ndiyo iliyoiharibu. Mimi sisemi. Nakwambia usije ukasikia njiani."

Seremala akahamishia simu sikio la pili.

"Alikuwa na daftari lake la kazi. Pengine liko huko nyumbani?"

"Nitatazama."

"Nakala ya pembeni tunayo, lakini ni ya miezi mitano nyuma, baba. Miezi mitano."

Alipoiweka simu alikaa kwanza. Watoto wa miezi mitano wangerudi kuwa hawajazaliwa, kama yeye. Na lawama ingemwendea mtu ambaye hawezi tena kunyoosha mkono akauliza mbona. Hilo la pili ndilo lililomwinua kitini.

Mkewe aliwahi kumwambia, "Daftari likitafutwa, liko droo namba tatu." Akaenda kwenye kabati, akahesabu toka juu, moja, mbili, tatu, akavuta. Betri, nyaya, miwani iliyovunjika mkono. Daftari hakuna. Akapekua mpaka kwenye mbao. Hakuna. Akavuta ya juu yake. Vitambaa na leso. Akaketi kitandani, jasho linamtoka.

Hapo ndipo alipoziona karatasi. Alizipita kila siku, kwa hiyo alikuwa ameacha kuziona. Kila droo ilibandikwa namba, wino wa bluu, kwa mkono wake mama. Ya juu kabisa iliandikwa 0.

Siku alipozibandika waligombana hasa.

"Droo sufuri ndiyo droo gani?" seremala alifoka. "Nimekutengenezea droo, sikukutengenezea hewa!"

"Leta futi yako."

Akaileta.

"Hapa kwenye moja, umeshapima kiasi gani?"

"Inchi moja."

"Kwa hiyo inchi hiyo imemalizikia kwenye moja. Ilianzia ngapi?"

Seremala akaitazama futi aliyoishika maisha yake yote. Akasema futi ni futi na droo ni droo, akaenda zake karakanani. Kule akapima ubao mmoja mara tatu.

Sasa alihesabu kama mkewe. Sufuri, moja, mbili, tatu. Ikawa droo ya nne. Akavuta. Daftari lilikuwa juu kabisa, limefungwa kwa mpira. Akacheka peke yake chumbani, mara ya kwanza tangu mazishi, na kicheko chenyewe kikamshtua.

Kabla ya kutoka akachukua sweta. Hakujua la nini. Alimwona mkewe akilibeba lake miaka kumi na tisa, kiangazi na masika, na majirani wakisema yule mama damu yake imepoa.

Pale ofisini benchi lilikuwa limejaa. Mama mmoja alinyonyesha, mwingine alijipepea kwa karatasi ya wodini. Dirishani pamebandikwa tangazo. Hakuweza kulisoma, lakini benchi lilimsomea.

Bosi akampeleka hadi mlango wa mwisho wa ukumbi. Ulipofunguka, baridi ikamkamata masikio. Akavaa sweta.

"Kumbe," akasema.

"Kumbe nini, baba?"

"Hapana. Damu yake ilikuwa sawa tu."

Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyokijenga kichwani. Sakafu safi, nyaya zimefungwa mafungu kwa mkono unaojali, na sauti ya feni haikukatika. Mashine tatu zilipangwa juu na chini kwenye fremu ya chuma. Seremala akaikagua fremu kwanza. Imesimama sawa. Mbele yake alisimama fundi mgeni, mtu wa makamo, mikono ya shati imekunjwa, macho mekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Jeuri ni ipi kati ya hizi?"

"Jeuri?"

"Ya tatu. Nyumba ya wageni."

Fundi akamtazama mara mbili. "Hii ya chini. Mzee, wewe pia ni wa mambo haya?"

"Mimi ni wa kampuni ya mbao."

Akampa daftari. Fundi akafungua mpira, akaenda kurasa za mwisho, akaanza kusoma kimoyomoyo.

"Kwa sauti," seremala akasema. "Na mimi nisikie."

Fundi akasoma. "'Jumatano. Saa mbili na robo, wageni wote wametoka. Saa tatu, programu imeingia. Saa nne kasoro robo, mashine imewaka, wageni wanarudi. Usimtafute msemaji kwenye kioo cha mashine hii, hayupo. Nenda mashine ya kwanza, umwite kutoka huko.'"

Akajipiga paji la uso. "Siku mbili! Siku mbili nimekaa mbele ya hii namuuliza, kumbe anajibia kwa jirani."

Akahamia kwenye mashine ya kwanza, akafungua programu, akaandika anwani ya ya tatu. Seremala akasogea. Alikuwa amesikia habari za kioo hiki jioni nyingi, akakichora kichwani kikubwa kama mlango. Kilikuwa kioo cha kawaida. Orodha ilijitokeza, mistari sita. Mitano ya kijani, mmoja mwekundu, na penye wekundu kulikuwa na tarakimu anayoijua: 3.

"Diski imekufa," fundi akasema. "Mashine inakwenda kwa kuchechemea, inapiga hesabu kila inapoulizwa kitu. Ndiyo maana inasuasua."

"Malizia ukurasa," seremala akasema.

"'Saa nne na nusu. Nimemuuliza, amejibu. Diski namba 3 inaumwa, inasoma kwa shida, bado haijafa. Bosi aambiwe leo, ibadilishwe mapema. Ya akiba iko kabati la chuma, rafu ya chini. Kichwa kinanigonga, ngoja ninywe maji kwanza.'"

Feni zikaendelea peke yake. Bosi akageukia ukuta.

"Kwa hiyo si programu," seremala akasema.

"Hapana, mzee," fundi akajibu taratibu. "Diski ilikuwa mgonjwa kabla. Bila programu hii nisingejua hata leo. Yeye ndiye aliyeigundua."

"Utawaambia na hao wengine?"

"Nitawaambia mimi," bosi akasema, bado anatazama ukuta. "Wote. Na leo."

Seremala akatikisa kichwa kukubali. Alijisikia kama mtu aliyetua gunia.

Fundi akaileta diski ya akiba, akapiga magoti mbele ya mashine ya tatu. Diski sita zilikaa kwa mstari, kushoto kwenda kulia, kila moja na komeo lake. Kwa kawaida kila moja huwa na kitaa, na ukitaka programu hukipepesa ile inayoumwa uijue. Lakini mashine ilikuwa kuukuu, vitaa vyake vilikwisha zamani, na namba zilizochapwa zilifutika kwa miaka ya kitambaa cha vumbi. Ikabaki kuhesabu.

"Moja," fundi akasema, kidole kikitembea. "Mbili. Tatu." Akashika komeo.

"Mwanangu, subiri kidogo."

"Mzee, ni hii. Namba tatu."

"Kwako ni hii. Kwake je?"

"Kwa nani?"

"Aliyeandika. Kule nyumbani kabati lake linaanza na sufuri. Leo daftari lenyewe nimelikosa kwa kuhesabu kama wewe."

"Mashine za kule nilikotoka zinaanza na moja," fundi akasema, lakini mkono ulikuwa umelegea. "Zote zinaanza na moja..."

"Na hizi?"

Fundi akaliachia komeo. Akainuka, akarudi kwenye kioo, akaitazama orodha upya kutoka juu. Mara ya kwanza macho yalikimbilia wekundu. Sasa yakaanzia mstari wa kwanza. Palikuwa na 0. Ilikuwepo hapo muda wote.

Fundi akageuka. "Ningevuta ile, na ni nzima..."

"Zingekuwa mbili," seremala akasema. "Na zikiwa mbili tunalia."

"Nani aliyekwambia hivyo?"

"Mwenyewe."

Fundi akapiga magoti tena, lakini safari hii mkono haukuwa na haraka. Seremala naye akashuka taratibu, magoti yakilia, akainyoosha mikono yake. Kwa miaka hamsini vidole vile vimetambua ubao uliooza ndani kabla jicho halijaona. Akaigusa diski ya tatu. Ilikuwa vuguvugu, inatetemeka kidogo kidogo, kama paka aliyelala. Akaigusa ya nne. Baridi. Kimya.

"Huyu hayupo," akasema.

Fundi akaigusa naye, akaafiki kwa kichwa. "Sufuri, moja, mbili, tatu," akahesabu kwa sauti, kama mtu anayejifunza, akavuta ya nne. Walisubiri, wote watatu. Mashine haikuzimika. Akaisukuma diski mpya mahali pake, komeo likalia, wakarudi kwenye kioo.

Mstari mwekundu ukageuka wa manjano. Pembeni yake pakaandikwa kwamba diski inajengwa upya, na asilimia: 0.

Wakaitazama. Ikabaki 0. Huko nje mtoto alilia, akabembelezwa, akanyamaza. Dakika tano zikapita, bado 0.

"Mbona sufuri?" bosi akauliza. Neno lenyewe likamtoka kabla hajajua, akaziba mdomo, kisha akacheka kidogo, machozi yamemjaa. "Samahani. Lakini mbona? Yaani haijaanza?"

Fundi alifungua kinywa ajibu. Seremala akamtangulia.

"Imeanza."

"Umejuaje, mzee?"

Seremala alikuwa ameinama kuelekea kioo, penseli juu ya sikio, anaitazama ile tarakimu ya duara, na taratibu mambo yakawa yanamrudia: kopo la sukari, kijiko kinaenda na kurudi, redio ya jirani, yeye amesimama anapapasa mifuko, na nyuma yake sauti ya mkewe ikijibu. Akawasimulia asubuhi ile. Akawaambia vijiko vilikuwa viwili, na yeye aliviona. Akawaambia aliuliza kwa nini wanaanza na sufuri, akajibiwa, akakosa kusikiliza, na kwa wiki tatu alikuwa akilitafuta jibu hilo kila pembe ya nyumba.

"Alikujibuje?" bosi akauliza.

Kwenye kioo sufuri ikageuka moja.

"Alisema hivi," seremala akawaambia, "siongezi wala sipunguzi: 'Sufuri ndiyo ya kwanza, baba. Ukiiruka, kila kinachofuata utakiita kwa jina la mwenzake.'"